Mdudu Hapigwi Picha ya Pasipoti

Kabla hamjaniuliza tena ni lenzi gani mnunue, wanangu, nataka kwanza kuona magoti yenu. Kama suruali haina tope, lenzi haitawasaidia. Nasema hivyo kila Jumamosi mnapokuja na simu zenu hapa kwenye veranda yangu, nanyi mnacheka mkidhani Mama Njoki anatania. Sitanii. Nimepiga picha hapa Eldoret tangu nywele zangu zikiwa nyeusi zote, kwanza picha za watu, baadaye za wadudu, na katika kazi hii ya pili kitu kilichonichelewesha kuliko vyote ni kukataa kuinama.

Mmeniomba niandike haya ninayowaambia kwa sababu, mnadai, huwa naruka kutoka hadithi moja hadi nyingine kabla sijamaliza ya kwanza. Ni kweli. Na nikiandika nitaruka pia, kwa hivyo jizoeeni mapema.

Studio yetu ilikuwa orofa ya kwanza, juu ya duka la viatu. Mwenyewe alikuwa Mzee Barasa, mtu wa sauti ya upole na masharti makali. Ndiye aliyenifundisha kazi. Kulikuwa na pazia la buluu, stuli ya mbao, kioo na kitana kilichofungwa kwa kamba kwa sababu wateja walikuwa wakiondoka nacho. Picha nyingi zilikuwa za pasipoti na vitambulisho, na masharti yake niliyajua kama Baba Yetu: uso utazame mbele, usicheke, masikio mawili yaonekane, nyuma pasiwe na kitu. Siku moja mzee fulani kutoka Burnt Forest alikataa katakata kuvua kofia yake. Mzee Barasa akamwambia kwa adabu, "Mzee, mimi sina shida na kofia yako. Ni serikali inataka kuona masikio." Yule mzee akafikiria, akaivua, akaishikilia kwa mikono miwili mpaka tulipomaliza, kana kwamba serikali ingeichukua.

Jambo moja la Mzee Barasa ambalo ninyi mnalihitaji hadi leo ni hili. Alikuwa akisema, "Njoki, macho kwanza. Macho yakionekana vizuri, mteja atasamehe hayo mengine." Ukimkaribia mdudu sana, ile sehemu inayoonekana wazi kwenye picha inakuwa nyembamba kama karatasi. Ukipata miguu, macho yanapotea. Ukipata mgongo, kichwa kinakuwa ukungu. Hamwezi kupata vyote, kwa hivyo chagueni macho. Hata mdudu mwenye uso wa kutisha, macho yake yakiwa wazi, mtu ataitazama ile picha mara mbili.

Nilifikaje kwa wadudu? Simu zilikuja, kila mtu akawa na kamera mfukoni, na ngazi ya studio yetu ikawa kimya. Mzee Barasa alikuwa ameshastaafu na kurudi kwao, akaniachia stuli na pazia. Ndipo akaja dada mmoja, Nekesa, afisa wa kilimo, kupiga picha ya pasipoti. Nilipokuwa nikimrekebisha kidevu akaniuliza, "Mama Njoki, unaweza kunipigia wadudu? Nataka picha za kufundishia wakulima."

Nikamwambia, "Watakuja na vitambulisho?"

Alicheka, lakini wiki iliyofuata akaniletea wadudu kwenye makopo. Basi nikafanya kazi niliyoijua. Niliwaweka mmoja mmoja juu ya kitambaa cha buluu, nikasimama juu yao, nikapiga. Nilihangaika sana na panzi mmoja. Nilitaka zile nyuzi mbili za kichwani zinyooke sawasawa, moja huku na nyingine kule, kwa sababu kwa hesabu yangu yale ndiyo yalikuwa masikio.

Nekesa alizitazama zile picha, akaanza kucheka, akacheka mpaka akakalia stuli ya wateja. "Mama! Hawa umewapiga pasipoti!" Alipopata pumzi akaniambia kwamba masikio ya panzi yako ubavuni, chini ya mabawa. Kwa hivyo hata serikali ingemkataa yule panzi wangu. Tangu siku hiyo tukawa marafiki, na mambo ya wadudu ninayoyajua, mengi ni yeye aliyenifundisha.

Sasa nitaruka kidogo. Mtasikia watu wakiwaambia mweke mdudu kwenye friji ili apoe na atulie. Nami nilisikia. Nilimweka mbawakawa mmoja mkubwa kwenye kopo la siagi, nikaliweka kwenye friji, nikasahau. Asubuhi mume wangu akataka kupaka mkate wake siagi. Sitawaandikia aliyoyasema. Lakini hata bila ya hadithi ya mume wangu, msifanye hivyo. Nekesa alinionyesha picha za wadudu waliotolewa kwenye friji: miguu imejikunja, wamelala kama nguo zilizoanguka kutoka kwenye kamba. Mdudu aliyeganda anaonekana ameganda. Na wengine hawaamki tena, ukawa umemuua mtu kwa sababu ya picha.

Amkeni mapema badala yake. Kwetu huku asubuhi kuna baridi, na baridi hiyo ni msaidizi wa bure. Mdudu ambaye bado ana umande mgongoni hawezi kuruka. Mtamkuta ameshika jani, mtapanga mwanga wenu, mtapumua. Kama mnatumia simu yenye ile lenzi ndogo ya kubana, msiguse kioo kupiga, maana kidole kinatikisa kila kitu. Tumieni ile nafasi ya kuhesabu sekunde, au kitufe cha waya wa kusikilizia muziki. Taa ikiwa kali, iwekeeni kitu cheupe mbele. Mimi nilikata chombo cheupe cha aiskrimu, na hadi leo sijaona kitu kinachokishinda.

Kwa kamera yangu nilikuwa nikigeuza lenzi nyuma mbele na kuifunga kwa pete. Ikigeuzwa hivyo inakuza sana, lakini hairuhusu umbali: lazima umfuate mdudu mwenyewe mpaka karibu umguse. Msizungushe pete ya lenzi kutafuta picha. Sogezeni mwili. Sogea mbele kidogo, rudi nyuma kidogo, kama mtu anayetaka kusalimia na anaona haya. Ikifika pale macho yanapokuwa wazi, piga, piga tena, piga nyingi. Nyingi zitakuwa za kutupa. Hakuna aibu hapo.

Aibu niliipatia Ainabkoi, na hiyo ndiyo hadithi ninayotaka mkae chini muisikilize.

Nekesa alinichukua siku moja kwenda kwa mama mmoja huko, Mama Jeptoo. Alikuwa mjane. Mume wake alikuwa mfugaji wa nyuki, na alipoondoka duniani alimwachia mizinga ya magogo iliyotundikwa kwenye miti ya ua. Mama Jeptoo hakuwa mtu wa kulia mbele ya wageni, lakini alivyoitazama ile mizinga, mtu yeyote angejua alikuwa akimtazama nani. Kila mwaka aliacha kipande cha sukuma wiki kisivunwe, kikue mpaka kitoe maua ya manjano. Mbegu alizihitaji, na maua yalikuwa chakula cha nyuki.

Mwaka ule lile shamba la maua lilivamiwa na vidukari, wale wadudu wadogo wa kijivu wanaoshika bua la sukuma kama unga uliomwagika. Na katikati ya vidukari kulikuwa na wadudu wengine, weusi wenye madoa ya rangi ya machungwa, warefu, wa miguu sita, wa kutisha. Mama Jeptoo aliwaita mamba. Kwake, mamba hao ndio waliokuwa wakimaliza sukuma. Alikuwa ameshamwita Kibet, mwanamume wa pale jirani mwenye pampu ya mgongoni, aje kesho yake asubuhi kupulizia dawa.

Nekesa alijaribu. "Mama, huyu unayemwita mamba ni mtoto wa mdudu kobe. Yule mwekundu wa madoadoa, ambaye watoto wanapenda atembee kwa mkono. Yeye anakula hawa wa kijivu. Hali sukuma. Na dawa ikiguswa na nyuki kwa maua, nyuki wataenda."

Mama Jeptoo alimsikiliza mpaka mwisho. "Wewe ni mtoto mzuri," akasema, "lakini yule mwekundu ni mrembo. Hii kitu inaweza kuwa mtoto wake aje? Na kama ni hawa wanakula sukuma yangu, maua itaisha, na nyuki pia wataenda. Sasa mimi nichague gani?"

Hakuwa akibisha kwa ukaidi. Aliogopa pande zote mbili, na pande zote mbili mwisho wake ulikuwa ni mizinga mitupu ya mzee wake. Nekesa akanigeukia. "Mama Njoki, mwonyeshe."

Nilienda shambani nikiwa na kiburi kidogo, maana nilikuwa nimeshapiga wadudu wengi. Nilisimama, nikainamisha kamera, nikapiga kutoka juu. Picha ilikuwa safi kabisa. Mgongo wa yule mamba ulionekana wazi, madoa yote, miguu yote, na vidukari wamemzunguka vizuri. Nikamkimbizia Mama Jeptoo kamera.

Akaitazama kwa muda. Kisha akamrudishia Nekesa macho. "Si unaona? Wako meza moja."

Nikaitazama tena, nikaona alichokiona. Kutoka juu, yule mtoto wa mdudu kobe alikuwa ameketi na vidukari kama ndugu kwenye karamu, wote wameinamia bua lilelile. Mdomo wake haukuonekana. Nilikuwa nimempiga pasipoti. Miaka yote ile ya kuacha pazia la buluu, na mkono wangu siku ulipohitajika ukarudi kwenye stuli. Niliona aibu hadi masikioni, na masikio yangu yote mawili, kwa bahati mbaya, yalikuwa yakionekana.

Gari la ofisi lilikuwa likimsubiri Nekesa. Nikamwambia aende. Nikamgeukia Mama Jeptoo. "Mama, nipe asubuhi. Kibet asipulizie mpaka nikuonyeshe mdomo wa huyu mdudu. Nikishindwa, apulizie."

"Utalala wapi?"

"Popote utakaponionyesha."

Akanitazama juu hadi chini, mwanamke mtu mzima wa mjini mwenye viatu vya mjini. "Basi kesho utavaa gambuti yangu," akasema, akaenda kuweka maziwa jikoni.

Asubuhi jua halijatoka nilikuwa shambani nimevaa gambuti zake, zile buti ndefu za mpira. Nilitandika gunia na kulala chini kabisa, ubavu kwenye udongo, mpaka uso wangu ukawa sawa na uso wa yule mamba. Nililibana bua kwa kibanio cha nguo kwenye kijiti ili lisiyumbe. Na nikakumbuka jambo ambalo nimewaambia hapo juu kana kwamba ni rahisi: mdudu mwenye baridi hasogei. Ni mzuri kwa picha ya uso. Lakini mdudu asiyesogea pia hali, na mimi nilimtaka akiwa anakula. Ikabidi nisubiri jua. Nikabaki pale, umande ukiniingia mgongoni, nikimtazama mtu aliyelala.

Jua likatoka. Upepo nao ukaamka, na bua likaanza kutikisika hata likiwa limebanwa. Na nikasikia lango likifunguliwa na sauti ya pampu ikigonga nguzo. Kibet amefika.

"Mama, nichanganye dawa?"

"Ngoja kwanza. Kuna mama amelala kwa shamba."

"Ni mgonjwa?"

"Hapana. Anapiga picha."

"Ya nini?"

"Ya mamba."

Kibet akaja kujionea mwenyewe. Nikaona gambuti zake karibu na kichwa changu. Sikugeuka. "Baba," nikamwambia, "kuna mwavuli hapo kando. Ufungue, usimame upande ule upepo unatoka. Tafadhali." Sijui kwa nini alinikubalia. Labda ni kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kumwomba kitu kama hicho. Alisimama pale na pampu yake tupu mgongoni na mwavuli wa maua mekundu mkononi, na bua likatulia.

Yule mamba akaamka. Kwanza miguu ya mbele, kisha kichwa. Akatembea kidogo juu ya bua, akakutana na kidukari, na bila haraka akamshika kwa taya na kumwinua juu kabisa, miguu ya kidukari ikichezacheza hewani. Nikasogea mbele kidogo. Ukungu. Nikarudi nyuma kidogo. Nikaacha kupumua. Macho yakawa wazi, taya zikawa wazi, na nikapiga, nikapiga, nikapiga, huku nikimsikia Mzee Barasa akinong'ona kwamba hayo mengine mteja atasamehe.

Sikuweza kusimama haraka. Kibet alinivuta kwa mkono. Mama Jeptoo alipangusa vidole vyake kwa leso, akachukua kamera, nami nikaikuza ile picha mpaka mdomo ukajaa kioo. Niliogopa, wanangu, sitawaficha. Nyuki walikuwa wameanza kutoka, na wengine walikuwa tayari kwenye maua ya manjano juu ya vichwa vyetu.

"Anamkula," akasema.

"Ndiyo, Mama."

"Amemwinua kama mtu anakula mahindi choma." Akasogeza kamera karibu na macho. "Na sukuma hajagusa."

"Hajagusa."

Kibet naye akachungulia, mwavuli bado umefunguka. "Haki ya Mungu," akasema polepole. "Na vile nimemwagia hawa dawa."

"Kibet, umechanganya?"

"Bado, Mama."

"Basi usichanganye. Weka hiyo pampu chini, kuja chai." Kisha akaondoka, akaenda peke yake hadi kwenye ua, akasimama chini ya mizinga. Alisema kitu kwa lugha yake. Mimi sikuelewa, na sikuuliza, kwa sababu hakuwa akisema nami.

Msinielewe vibaya. Mdudu kobe si muujiza. Mabua mengine yaliharibika mwaka ule, na Nekesa alirudi na ushauri wake wa kukata yaliyozidiwa na kuyapeleka mbali. Lakini mbegu zilipatikana na nyuki hawakuenda. Na ile picha Nekesa aliizungusha vijijini kote, akiulizwa ni nani aliyeipiga, anasema ni fundi wa pasipoti wa mjini. Nimemsamehe.

Sasa mnajua kwa nini sipendi swali la lenzi. Kule Ainabkoi nilikuwa na lenzi ileile jioni na asubuhi. Kilichobadilika ni pale nilipoweka mwili wangu. Mkimpiga mdudu kutoka juu mnapata mgongo wake, na mgongo hausemi anafanya nini duniani. Shukeni mpaka alipo yeye. Mkichafuka, nguo zinafuliwa.

Nilistaafu studio, stuli iko hapa verandani, mnaigombania kila Jumamosi. Mama Jeptoo bado yuko Ainabkoi, magoti yake mabaya kuliko yangu. Juzi simu yangu ililia, nikaona ametuma picha, na baada ya picha sauti yake: "Mama Njoki, nimepiga yangu. Nililala chini kabisa vile ulilala. Usiambie watu, magoti yalikataa kuamka, nikaita wajukuu wanivute."

Nimewaambia ninyi, basi sasa watu wote wanajua. Picha yenyewe ina ukungu nyuma na mkono wake ulitikisika. Lakini ameipiga kutoka ubavuni, sawa na uso wa mdudu. Yuko mamba wake juu ya bua la sukuma, taya zimeshika kidukari, na macho yanaonekana. Nililia kidogo, kwa furaha, halafu nikaenda mjini kuichapisha.

Nimeitundika ukutani, pale penye mifano yangu ya zamani ya pasipoti. Mtaiona Jumamosi. Nyuma ya mdudu, juu kidogo, kuna kitu kikubwa cha hudhurungi kinaning'inia, hakionekani vizuri, na najua mmoja wenu atasimama aniambie kwamba nyuma pangekuwa safi picha ingependeza zaidi. Ni mzinga wa mume wake. Nimeuacha.